Kati ya Gia ya Pili na ya Tatu

Fundi alikuwa chali chini ya lori la maji, anapambana na nati iliyoshika kutu, aliposikia gari la Bwana Saruji likija kwenye barabara kuu. Hakuwa na haja ya kutoka kuangalia. Mjini lilikuwepo moja tu la namna ile, gari la spoti jekundu la milango miwili, limelala chini kiasi kwamba mtu mzima akitaka kuingia lazima kwanza aweke heshima yake pembeni. Lilinguruma gia ya kwanza, likanguruma ya pili, halafu likasita pumzi moja. Kisha ya tatu ikashika, likaja.

"Lile haliko sawa," fundi aliiambia ile nati. Watu walimwita Sikio, na si kwa ukubwa wa masikio yake, ingawa nayo hayakuwa haba.

Bwana Saruji alishuka. Alikuwa muuza vifaa vya ujenzi, mtu wa sauti ya chini na shati lililonyooka, na hakuna aliyewahi kumsikia akimtukana mtu. Mkewe alibaki kwenye kiti cha abiria, mkoba mapajani. Walikuwa pamoja daima. Mume akiingia benki, mke alisubiri garini. Mume akienda kwa kinyozi, mke alisubiri garini. Bwana Saruji hakupenda kumwacha nyumbani peke yake. Alisema nyumba kubwa humtia mtu upweke.

"Linasitasita, fundi. Nikitoka ya pili kwenda ya tatu ni kama limesahau jambo, halafu linakumbuka."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Fundi alimwomba mke akae kwenye benchi, akalichukua gari na kulizungusha mtaa wa maghala. Gia ziliingia zenyewe, hazina neno. Akarudi kakunja uso. Gari linaloumwa mbele ya mwenyewe na kupona mbele ya fundi ni matusi, tena ya hadharani. Akapima mafuta ya gia, akapima mafuta ya klachi, akachomeka mashine ya kupimia. Mashine ikasema hakuna hitilafu. Akauliza kama hutokea asubuhi au jioni, tanki likijaa au likikauka, mlimani au tambarare. Bwana Saruji akasema ni kote.

"Na ukiwa peke yako?"

"Mimi peke yangu siwi."

"Ahaa. Basi ni uzito."

Duka halikuwa mbali. Mfuko wa saruji ukaletwa, ukakalishwa kiti cha abiria, ukafungwa mkanda. Fundi akazunguka nao mtaa ule ule. Saruji ilitulia kuliko abiria wengi aliowahi kuwabeba, na gari halikusita.

"Gari linamtaka mkeo," alisema aliporudi. "Hebu endesha wewe, na yeye akae alipozoea. Mimi nitajikunja huko nyuma."

Kujikunja kwenyewe kulikuwa kazi. Magoti yakamfika kidevuni. Akiwa hapo aliona kwenye zulia la miguuni, upande wa mke, udongo mwekundu, mbichi. Mji ule udongo wake ni mweusi. Bwana Saruji alikwisha mgombeza muosha magari kwa ajili ya udongo huo, na muosha magari alikwisha apa kwa jina la mama yake.

Waliingia barabara kuu. Fundi akafumba macho ili asikie vizuri. Ya kwanza. Ya pili. Mkono wa Bwana Saruji ukaishika gia, akaanza kusema, "Sasa...", na dunia ikanyamaza.

Hakikuwa kimya cha injini kuzima. Injini ikizima bado feni inazunguka, bado chuma kinapoa na kugongagonga. Hiki kilikuwa kimya chenyewe, kizima. Fundi akafumbua macho. Bwana Saruji alikuwa amekaa mdomo wazi, mkono kwenye gia, mshale wa mizunguko ya injini umesimama katikati. Nje, mwanamke mmoja alikuwa amemwaga maji ya beseni, na maji yale yalisimama hewani kama shuka lililoanikwa, kila tone limebeba kijua chake. Vumbi la lori lilikuwa limesimama. Njiwa alikuwa amesimama juu ya waya bila kuugusa. Fundi alihisi machozi yanamlenga, wala hakuyazuia. Maisha yake yote alikuwa akisikiliza vitu vinavyozunguka, na hakuna aliyemwambia kwamba katikati yake kuna uzuri mkubwa namna hii. Huenda yeye hakugandishwa kwa sababu alikuwa anasikiliza.

"Samahani, mzee," alisema mke wa Bwana Saruji, akifungua mkanda. "Napita hapa mara moja."

Akatoa kitana na kichupa cha mafuta chini ya kiti, akafungua mlango, akaruka mtaro. Ng'ambo ya mtaro, pale ambapo siku zote palikuwa na ukuta wa ghala, palikuwa na njia ya udongo mwekundu, na mwisho wa njia nyumba ya bati. Fundi akamfuata, maana fundi akishaiona hitilafu haiachi iende zake.

Mlangoni, kwenye kigoda, alikaa mwanamke mzee, nywele zimetimka, vidole vimejikunja kwa maradhi ya viungo hata kitana hakishikiki.

"Karibu, fundi. Kaa basi, usisimame kama umeleta habari ya msiba."

Fundi akakaa.

"Na mkwe wangu hajambo?"

"Hajambo, mama. Yuko kati ya gia."

"Mwache apumzike."

Siku ya harusi, bibi huyu alisema mbele ya wageni kwamba mwanawe hakuolewa, kawekwa stoo. Wageni walicheka. Bwana Saruji hakucheka. Hakupandisha sauti pia. Alisema tu kwamba mkewe hatakanyaga pale mpaka mama aombe radhi. Mama akasema radhi ya neno la kweli yeye hajui inaombwaje. Tangu hapo barabara ya kwenda huko, ambayo kwa basi ni safari ya asubuhi mpaka jua linapolala, ilikuwa imefungwa bila kizuizi chochote.

Binti alimlaza mama yake kichwa kwenye goti, akaanza kuchambua na kusuka. Alizungumza. Fundi, ambaye kwa muda wote wa kuwafahamu alikuwa amesikia kwake salamu tu, alishangazwa na jambo hilo kuliko maji yaliyosimama hewani. Binti alisimulia, alicheka kwa sauti, alimtania mama yake kwamba mvi zake zina kiburi kama mwenyewe. Mama alifumba macho kama mtoto aliyeshiba.

"Mzee," binti alisema bila kuinua kichwa, "usilitengeneze."

"Neno hili nimeshalimeza, binti yangu. Halitoki."

Walirudi garini. Mkanda ulipobana, maji ya beseni yakaanguka, njiwa akatua, na Bwana Saruji akamalizia, "...umesikia?"

"Nimesikia," alisema fundi.

Njia ya kurudia ilikuwa na matuta. Kila tuta lililishusha gari mpaka gia ya pili, na baada ya kila tuta ikaja ya tatu, na kabla ya ya tatu mke akashuka na kitana chake. Katika mji ule yeye ndiye mtu pekee aliyependa matuta. Walipofika gereji, upande mmoja wa kichwa cha mama ulikuwa umesukwa, mistari imenyooka, umependeza.

Fundi wa gereji ya jirani alikuwa amevuka na kikombe chake cha chai kuja kulitazama gari jekundu. Alisimama karibu, kama wasimamavyo watu wanaojidai wanatazama kwingine.

"Enhe," alisema Bwana Saruji. "Tatizo nini?"

"Klachi imechoka kidogo. Si jambo la haraka. Endelea nalo tu."

"Klachi? Si uliifunga wewe, fundi, juzi juzi hapa?"

"Ndiyo."

"Basi umeifunga vibaya."

Jirani akanywa chai, kwa mlio. Mke wa Bwana Saruji alimtazama fundi kupitia kioo. Fundi alimwona vizuri sana. Lakini tangu aanze kushika spana hakuna klachi yake iliyowahi kurudi, na jirani alikuwa amesimama pale.

"Klachi yangu ni nzima!" alisema. "Gari linamsubiri mkeo aende kwa mama yake."

Akaeleza yote. Bwana Saruji alisikiliza kwa makini, kama mtu anayeelezwa habari ya radieta.

"Petroli inakwenda?"

"Haiendi."

"Na mimi nakuwa wapi?"

"Pale pale, mkono kwenye gia."

Bwana Saruji alitikisa kichwa taratibu. Jirani alisema aliwahi kusikia ya namna hiyo kwenye basi moja, ila ilikuwa gia ya kurudi nyuma. Bwana Saruji akainama dirishani kwa mkewe.

"Uliniomba ruhusa?"

"Ungenikatalia."

"Ningekukatalia, ndiyo," alisema kwa upole. "Si ndiyo maana ya kuomba?"

Akamshukuru fundi, akaingia garini. Fundi alibaki barabarani ametega sikio. Ya kwanza. Ya pili. Alingoja ya tatu. Gari lilipiga kelele mpaka kwenye kona, likakunja, likaendelea kulia huko mitaani bila kubadili, mpaka likapotea.

Tangu siku hiyo Bwana Saruji huendesha kwa gia ya pili. Malori ya mchanga humpita, na madereva humpungia mkono. Mji umezoea ile sauti. Kuna wanaotambua kwayo kwamba benki imefungua. Mkewe hukaa pembeni, mkanda umefungwa, kitana kimo mkobani. Injini ilipoanza kuchemka, mume alilileta gereji.

"Bwana, gari hili linaumia," fundi alimwambia.

"Litazoea."

Fundi alibadilisha maji ya radieta. Usingizi ndio uliomkimbia. Mwishowe aliwauliza madereva wa malori ni wapi kwenye udongo mwekundu namna ile, wakamwelekeza, akapanda basi alfajiri. Alifika jua limelala.

Mama alikuwa mlangoni kwenye kigoda kile kile. Upande mmoja wa kichwa mistari imeanza kufumuka. Upande wa pili nywele zimesimama. Majirani walikwisha jitolea kummalizia, naye alikuwa amewakatalia mmoja mmoja. Aliyeanza ndiye amalizaye, aliwaambia.

"Karibu, fundi. Leo una uso wa msiba kweli."

"Mama, ni mimi niliyesema."

"Najua. Nilikusikia mpaka huku." Alijikuna upande usiosukwa. "Na hiyo klachi, ilikuwa nzima?"

"Nzima kabisa, mama."

"Haya. Angalau."

Fundi aliinamisha kichwa, na safari hii machozi yalipokuja alijua ni ya nini. Bibi akamwachia alie. Kisha, kutoka ng'ambo ya ule mtaro wa mjini, mbali sana, ikasikika injini inayolia bila kubadili sauti.

"Hebu sikiliza, wewe mwenye masikio," alisema mama. "Iko gia ya ngapi?"

"Ya pili, mama."

"Basi bado," alisema, akakigeuza kigoda chake kikatazama njia.