Busta Iliyopanda na Ukungu

Sesilia alimimina busta, dawa ya kustawisha mimea, kwenye ndoo ya maji, akakoroga kwa kijiti, akajaza bomba la mgongoni. Ilikuwa na zinki na boroni kidogo, za kuisaidia kabichi kuvumilia chumvi. Chumvi ilianza ghala la ngozi lilipofunguliwa juu ya kijiji chao, Mgwashi. Ngozi zinaletwa zimepakwa chumvi, zinaoshwa kijitoni, na kijito ndicho kinachojaza ndiwa, bwawa dogo la kijiji ambalo kila nyumba ina zamu yake ya kumwagilia. Chemchemi iliyobaki ghala liliizungushia uzio. Basi na ya kunywa wakawa wanachota humohumo ndiwani.

"Pulizia asubuhi mapema, kabla ya jua," bwana shamba alikuwa amemwambia.

Bwana shamba kwao ni Mkomazi, na huko asubuhi ni asubuhi tu. Mgwashi asubuhi ni ukungu. Busta ilitoka kwenye bomba, ikashikana na ukungu, ikapanda nao hadi kwenye nyumba na kuingia madirishani.

Kabichi zikapona. Watu nao wakapona. Mama mkwe wake, bibi Efrazia, aliamka na masikio ya kijani, mapana, yenye mishipa. Kwenye paji la uso chumvi ilikuwa imeganda nyeupe. Akaikwangua kwa kijiko, akatia kwenye maharage.

"Usinunue tena chumvi dukani," alisema.

"Haya, mama."

"Na maji ya leo matamu. Kachota nani?"

Jumapili kanisani mchungaji aliwaomba waliokaa nyuma wasijikwangue wakati wa sala.

Aliyekosa busta ni Kristian tu, mtoto mchanga wa Sesilia. Asubuhi ile alikuwa amefunikwa blanketi gubigubi. Maji ya ndiwa yakimgusa ulimi anatapika. Maziwa ya mama yake nayo yalishageuka chumvi, maana yeye ndiye alikuwa karibu zaidi na bomba. Mtoto akaanza kunywea kama mche uliokosa zamu.

Wakamwita bwana shamba aje aone maji. Alikuja na pikipiki, akakagua kabichi, kisha akalipindua sikio la bibi Efrazia kuangalia upande wa chini.

"Shikamoo, bibi. Wadudu hamna."

"Marahaba, baba. Tumekuitia maji."

"Maji yana shida gani? Mbona mmestawi hivi?"

"Huyu hajastawi," Sesilia alisema, akamfunua Kristian. Midomo ilikuwa imepasuka.

Bwana shamba alimtazama mtoto kwa huruma ya kweli.

"Huyu hakupuliziwa," alisema. Akawaachia kopo la busta bure, akawahi kuondoka kabla ya mvua.

Kesho yake ukungu ulishuka mzito. Sesilia alimvua mtoto nguo, akamlaza juu ya tuta, katikati ya kabichi mbili.

"Changanya nyepesi, kama ya miche," bibi Efrazia alimwambia. "Utamuunguza."

Sesilia akaongeza maji. Akafumba macho, akampulizia.

Kristian alilia sana. Huko juu ngozi zilisikika zikipigwa kwenye mawe, paa, paa, kama kila siku. Baadaye akanyamaza, na pembe ya sikio moja ikaanza kuwa kijani. Mama yake akamshikia kikombe cha maji ya ndiwa mdomoni. Akanywa yote, akalilia mengine.

Machozi yalishamkaukia mashavuni, meupe. Bibi Efrazia akaja na kijiko, akamkwangua taratibu asimuumize, maana maharage yalikuwa yameshaiva.