Sikio la Kushoto

Visikizio vile vililetwa na mtu aliyerudi likizo kutoka Uarabuni, vimevingirishwa ndani ya soksi mpya ili visije vikavunjika njiani. Vilikuwa vile visivyo na waya, vyeupe, vya kutia tunduni mwa sikio, na kijisanduku chao kikifunguka na kufunga kama kijaluba. Yusra alipovitia mara ya kwanza, pale barazani kwa mama mkwe wake Msambweni, alimsikia mumewe karibu mno hata akageuka kutazama nyuma.

"Wanisikia?" Swabir akamwambia. "Sasa sitoki tena kichwani mwako."

Yusra akacheka. Wanawake waliokuwa wamekuja kupimwa madera wakatazamana, na mmoja akasema wazi kwamba wengine wana bahati zao.

Swabir alikuwa bawabu wa ghala huko aliko, mahali pa jua kali na malori. Alikuwa ameondoka kabla ndoa yao haijapoa, hata hina ya mkewe haijafutika vizuri. Kutwa alikaa peke yake katika kibanda cha mabati, feni ikizunguka pasi na upepo. Yusra naye alikuwa fundi wa cherehani. Mikono yake ilikuwa na kazi asubuhi hadi jioni, lakini masikio yalikuwa huru, na Swabir aliyataka. Basi baada ya chai ya asubuhi simu ilifunguliwa, na haikufungwa mpaka karibu na Magharibi, zamu ya Swabir inapokwisha.

Hawakuwa wakizungumza muda wote. Swabir alisikiliza cherehani ikienda, na mkewe alimsikiliza akikohoa, akimtukana nzi, akiimba kidogo kwa sauti mbovu. Wakati mwingine alimwuliza anashona nini, na Yusra humweleza: sare za madrasa, au pazia la bibi mmoja wa Milalani asiyejua anataka rangi gani. Kulikuwa na utamu ndani yake. Hata baadaye, alipokuwa na kila sababu ya kuukana, Yusra hakuukana.

Maumivu yalianza kwa hila. Masikio yake yalikuwa madogo, na vitu vile havikukaa mpaka avisukume kwa kidole. Kwanza ukingo wa tundu uliwasha. Kisha maumivu yakahamia nyuma ya sikio, yakashuka tayani, yakapanda kipajini, yakatua juu ya jicho la kushoto. Kila alasiri kichwa kilimwanga hata tundu la sindano akaliona mawili. Alijifunga leso kichwani, akameza dawa za maumivu, akaendelea kushona.

"Nivitoe kidogo nipumzike?" alimwuliza mumewe siku moja.

"Ukivitoa, nitajuaje uko wapi?"

Ilikuwa mzaha. Mara ya pili haikuwa mzaha.

Kwa kuwa visikizio vile havikumpelekea Swabir sauti ya mkewe peke yake. Vilimpelekea baraza nzima. Sauti ya kiume ikipita tu, yeye huko keshainuka kitini.

"Nani huyo?"

"Ni Mzee Fondo, ameleta suruali ipunguzwe."

"Kwani Msambweni nzima fundi ni wewe?"

Yusra akaacha kushona nguo za wanaume. Hakuwaambia kwa mdomo, maana mdomo ulikuwa na msikilizaji; aliwapungia mkono tu na kuwaelekeza kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Mzee Fondo, ambaye tangu zamani alikuwa akimjulia hali na kumwombea dua, akaondoka na suruali yake kwapani, uso umemshuka. Yusra alimtazama mpaka akapotea, na hakuweza hata kumwita amtake radhi.

Bi Mwanasha, mama yake Swabir, aliyaona. Alimpashia mkwewe mafuta ya nazi na kitunguu saumu, akamdondoshea sikioni jioni.

"Mwanangu, vidude hivi visije vikakuua," akasema.

"Nimwambie nini mwanao, mama?"

Bati lililokuwa juu ya vichwa vyao liliezekwa na Swabir, na unga uliokuwa jikoni ulikuwa wa Swabir. Bi Mwanasha akafuta chupa ya mafuta kwa ncha ya leso, akaingia ndani.

Asubuhi moja Yusra aliamka, mto umelowa upande wa kushoto, na sikio linanuka. Akaenda hospitali. Daktari aliyemtazama alikuwa kijana mpole. Alimulika, akasafisha kwa pamba, akakunja uso.

"Ndani kumevimba, kuna kidonda na usaha. Sikio halipati hewa, kisha unalisukumia kitu juu ya kidonda. Hicho kichwa kinachokuuma, dada, kinaanzia hapa. Unavivaa kwa muda gani?"

"Kutwa."

"Kutwa nzima? Usitie chochote mpaka nikuone tena. Na hata ukipona, ni muda mfupi tu, kisha unapumzika."

Yusra akatabasamu kwa upande wa uso usiouma. "Muda si wangu, daktari."

Alimpigia Swabir akiwa bado kwenye benchi la hospitali, simu ameishika kwenye sikio la kulia. Akamweleza yote: uvimbe, usaha, dawa, katazo. Swabir akauliza, "Huyo daktari ni mwanamume?"

"Swabir, nakwambia sikio limeoza."

"Nakuuliza amekushika kichwa au hakukushika?"

Wagonjwa waliokuwa karibu walimwona Yusra akiitazama simu kama mtu aliyepewa kitu asichojua matumizi yake. Mwisho wa maneno Swabir alitoa amri: la kushoto likiuma, atie cha kulia. Simu isikatwe. Mwanamke akitaka kujificha hakosi ugonjwa.

Ndipo Yusra alipofanya hila yake, na hila yenyewe ilikuwa ndogo. Asubuhi alifungua simu kama kawaida, akasalimu, akasema sikio linamuuma kwa hivyo hatazungumza sana, kisha akavitoa visikizio na kuviweka ndani ya kisahani kando ya cherehani. Viliendelea kunasa mlio wa mashine. Swabir huko asikie mkewe yuko kazini, na mkewe huku apumue.

Zilikuwa siku njema. Kichwa kilimwachia polepole, kama mtu anayefungua fundo. Alisikia kuku, alisikia watoto wa madrasa wakikariri, alisikia kwamba cherehani yake yalia na yahitaji mafuta. Mara nyingine vitu vile vilitoa kijisauti ndani ya kisahani, kijembamba kama cha mbu. Hakukisikiliza. Hata mbu alikuwa na haki zaidi ya kusikilizwa.

Kisha, kuanzia Jumanne moja, Swabir hakuipokea simu asubuhi; Yusra akadhani amebadilishiwa zamu, naye hakumtafuta zaidi. Mchana wa Ijumaa, watu wametoka msikitini, akaja Boga, ndugu mdogo wa Swabir, bado amevaa kanzu. Alikataa kiti. Akamwamkia mama yake, kisha akatazama chini.

"Shemeji, Swabir amenipigia. Auliza mbona ungali hapa."

"Niwe wapi?"

"Asema alikuacha Jumatatu."

Mguu wa Yusra ulikuwa juu ya kanyagio la cherehani, ukabaki hapo hapo. "Alimwambia nani?"

"Alikwambia wewe. Simuni. Asema alikuita, akakuita, hukumjibu, ikawa ni cherehani tu inamjibu. Akasema ukinyamaza tena atakuacha. Ukanyamaza. Akakuacha, talaka moja."

"Boga, mimi sikusikia. Vidude vilikuwa kisahanini."

"Talaka gani hii ya kisahani?" Bi Mwanasha akapaza sauti. Lakini sauti ile haikuendelea mbali. Alikaa kitako mkekani na kuanza kuvuta uzi wa leso yake.

Wakamwita mwalimu wa madrasa, mzee mwenye staha, aliyemwambia Yusra neno lile kwa upole, akiwa amegeuza uso ukutani. "Binti yangu, mume akitamka, ametamka. Talaka haingoji sikio."

Kwa hivyo Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Yusra alikuwa amepika, amefua, amemkanda mama mkwe miguu, na kumbe ni mtalaka. Hilo ndilo lililomchoma kuliko neno lenyewe. Aliipikia bure nyumba ya mtu aliyekwisha kumtoa, tena akifurahi kwamba kichwa hakimuumi.

Alihama na nguo zake na cherehani, akaenda kukaa eda kwa dada yake, Biasha, aliyekuwa na kibanda cha ushonaji kando ya barabara ya Kwale, pale Kombani. Biasha alikuwa mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali. Alimtengea pembe, akampeleka tena kwa daktari. Uvimbe ulikuwa umeshuka, lakini usaha ulikuwa umekaa mno, na kiwambo cha sikio kimetoboka. Huenda kikaziba, daktari akasema. Hakikuziba.

Eda haijaisha, Boga akaja tena. Safari hii alikuwa na furaha, na furushi.

"Shemeji, kheri! Swabir amekurejea. Alisema jana mbele ya mashahidi. Wewe ni mke wake kama zamani, hakuna haja ya ndoa mpya." Akafungua furushi. Ndani mlikuwa na kijisanduku cheusi. "Na amekuletea hivi, ni laini, vina mpira. Asema vile vya kwanza ndivyo vilivyokuwa vibaya."

Yusra alikitazama kijisanduku. Alipoachwa hakuulizwa, na sasa amerejewa hakuulizwa. Nyumba nzima ya maisha yake ilikuwa ikifunguliwa na kufungwa na mtu aliye nje.

"Virudishe," akasema.

"Shemeji, usifanye hivyo. Yule kaka amekonda kwa ajili yako."

"Virudishe, Boga. Na umwambie nakwenda kwa Kadhi."

Walikwenda Kwale yeye na Biasha. Kadhi aliwasikiliza, akasoma barua ya daktari, akaagiza Swabir apigiwe simu papo hapo na sauti ifunguliwe, kila mtu asikie. Yusra hakuwa amewahi kuisikia sauti ile katikati ya watu. Ilikuwa nyembamba, na feni ikinguruma nyuma yake.

Kadhi akamwuliza kama anakiri kwamba mkewe alimweleza ugonjwa wake.

"Alinieleza."

"Ukamwambia atie upande wa pili?"

"Mheshimiwa, mimi hapa sina mtu," Swabir akasema. "Sina hata wa kunisalimu. Nilitaka kumsikia tu. Ni kosa mtu kutaka kumsikia mkewe?"

Alikuwa analia. Yusra aliinamisha kichwa, na moyo wake, mjinga ule, ukamwenda mbio kuelekea kwenye kile kibanda cha mabati. Biasha akamshika kiwiko, akamminya. Kadhi akamtazama.

"Wasemaje, bibi?"

"Naomba kujivua katika ndoa hii, Mheshimiwa."

Ndipo kilio cha Swabir kilipokatika, kikakatika mara moja kama bomba lililofungwa. "Akitaka kutoka, atoke," akasema. "Lakini arudishe mahari yangu."

Mahari yake ilikuwa cherehani. Aliichagua mwenyewe siku za uchumba, akaiandikisha hivyo mbele ya wazee, akachekwa na wenzake waliotaka dhahabu. Kadhi alimweleza Yusra kwamba hana budi kufikiri, kwamba lipo pia shauri la madhara aliyotendewa, anaweza kulidai na akishinda asirudishe kitu, ingawa litachukua muda na Swabir ataitwa tena na tena. Yusra akasema hataki kuisikia tena sauti ile, hata mara moja. Cherehani atairudisha.

Boga aliipakia kwenye pikipiki, wakaenda nayo hadi Msambweni. Bi Mwanasha aliipokea mlangoni. Alizunguka upande wa kushoto wa Yusra, akamwambia neno kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyejikaza siku nyingi kabla ya kusema. Yusra hakulisikia.

"Wasemaje, mama?"

Bi Mwanasha akatikisa kichwa, hakulirudia. Aliifunika cherehani kwa leso, akaisukuma pembeni mwa chumba ambamo hamkuwa na mtu wa kushona.

Sasa Yusra hushona kwenye mashine ya Biasha, wakipokezana. Asiposhona hutia vifungo na kupiga pindo kwa mkono. Kichwa bado humrudia alasiri nyingine, juu ya jicho lile lile, ijapokuwa sikioni hamna kitu isipokuwa mvumo usiokoma. Habari zilimfikia kwamba Swabir ameposa mahali pengine, msichana wa Kinango, na kwamba kijisanduku cheusi kimekwisha kupelekwa huko pamoja na vitambaa vya posa. Biasha alimwambia habari hiyo akikata kanzu, akangoja aone kama dada yake atalia.

"Ana masikio madogo?" Yusra akauliza.

"Nani?"

"Huyo msichana."

Biasha hakujua. Hapana aliyemtazama masikio. Yusra akachukua mkono wa kanzu uliokuwa umekatwa, akaulinganisha na mwenziwe, akaanza kuushona.