Jinsi ya Kumtunza Bwana Escorcia

Jumamosi ile Edilsa Charris aliinjika sufuria jikoni kwa Bi Ludis, mtaa wa Rebolo, mjini Barranquilla, na wanawake waliokaa kwenye viti vya plastiki wakaacha kucheka. Feni ilikuwa inazunguka, maandazi ya mahindi yenye yai ndani yalikuwa mezani, waume wameenda mpirani. Edilsa aliuza vifaa vya starehe za chumbani, vile ambavyo mwanamke huvificha kabatini chini ya nguo za ndani. Kila alipouza alifundisha pia kuvitunza, kwa sauti ileile ambayo wengine hufundishia kuosha chupa za mtoto.

Aliwaambia kwamba kifaa cha silikoni tupu, kisicho na mota, huchemshwa dakika chache na vijidudu vikafa. Chenye mota hakizamishwi. Huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, hukaushwa kabisa, hutolewa betri, kikawekwa peke yake ndani ya mfuko wa pamba. Hakiazimwi. Kikianza kunata au kunuka, hutupwa.

"Hata kama nimekinunua ghali?" aliuliza Bi Ludis.

"Hospitali ni ghali zaidi, shoga yangu."

Akatumbukiza viwili mbele yao. Kimoja alikitoa nyumbani kwake, cha miaka mingi. Kingine kilikuwa kipya, kimetoka kwa Wilfrido Escorcia, mfanyabiashara wa jumla ambaye wauzaji wote wa mtaani walichukua mali kwake. Sanduku lake liliandikwa: silikoni ya hospitali. Cha zamani kilitoka kama kilivyoingia. Cha Escorcia kililegea, kikatandaa juu ya maji kama mafuta ya supu ya kuku, na nyumba nzima ikanuka tairi.

Edilsa akazima jiko. Kifaa cha mali hiyohiyo, chenye mota, alikuwa amempa mdogo wake Nubia kwa mkono wake mwenyewe, na Nubia alikiosha kila mara kama alivyofundishwa. Lakini plastiki ile laini ina vitundu visivyoonekana kwa macho. Uchafu hujibanza humo na sabuni haiufikii. Nubia aliona haya kumwambia daktari. Alinyamaza na homa yake mpaka usaha ukafika kwenye kizazi, na kizazi kikaondolewa. Majina ya watoto alikuwa ameshayachagua.

Jumatatu Edilsa alikwenda dukani kwa Escorcia, katikati ya jiji. Alimkuta anakunywa kahawa. Hakukana kitu. Alimsikiliza hadi mwisho, akafuta mdomo.

"Nenda kashtaki, bibie. Hakimu atamwuliza dada'ako alikuwa anakiweka wapi. Mtampeleka akajibu mbele za watu?"

Edilsa alijua jibu. Alikuwa ameshawazungukia wanawake wengine walioumwa. Mmoja alimhofia mumewe, mwingine alikuwa mwimbaji kanisani, wa tatu aliishi na mama mkwe. Basi hakubishana. Alisema tu, taratibu, kama mtu anayeaga, "Mungu akufanye kile unachotuuzia." Kisha akaenda kupanda basi.

Siku zilizofuata Bwana Escorcia aliona madoa meusi shingoni ambayo hayakutoka kwa sabuni. Aliposoma gazeti, maandishi yalihamia mikononi mwake yakabaki; karani wake alisoma matokeo ya bahati nasibu kwenye kiwiko chake. Harufu ya samaki wa mchana ilikaa naye wiki nzima. Aliyempa mkono aliondoka na kiganja chenye mafuta. Alasiri moja ya jua kali alinatana na kiti chake cha plastiki, na wapagazi wakambeba pamoja nacho mpaka kivulini. Daktari alimwandikia mafuta ya kupaka ngozi. Alipoyapaka akazidi kulainika, sikio moja likashuka hadi kwenye taya.

Ndipo mkewe, Bi Nereida, alipobisha hodi kwa Edilsa, mkoba kifuani.

"Wewe ndiye unayejua kuvitunza hivi."

"Hivi vipi? Sema kwanza mumeo amekuwa nini."

Bi Nereida akatazama sakafu. "Plastiki laini. Ile ya bei rahisi."

"Umeijuaje?"

"Lebo nilikuwa nabandika mimi."

Edilsa akamkaribisha kiti, akampa juisi ya ukwaju. Kisha akamfundisha kila kitu bila kumficha neno. Maji ya vuguvugu, kamwe yasichemke. Sabuni laini, kisha asuuzwe vizuri. Asipakwe mafuta yoyote. Akaushwe mpaka kwenye mikunjo, maana unyevu ndio mama wa ukungu. Akishakauka apakwe unga wa wanga wa mahindi ili asinate. Alale peke yake, ndani ya mfuko wa pamba, mbali na jua, asigusane na mtu.

"Na hapo atakuwa msafi?"

"Hapana. Sabuni inasafisha nje. Kilichoingia ndani hakitoki tena. Kitu cha namna hiyo, mimi huwaambia watu wakitupe."

"Nimtupe mume wangu?"

"Nakwambia ninalowaambia wote."

Alipomfungia mlango, Edilsa alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Nubia alipolazwa hospitali, na usiku ule alilala fofofo.

Bi Nereida hakumtupa. Alimshonea mfuko wa pamba nzuri. Na kanivali ilipofika, siku ambazo Barranquilla nzima hurushiana unga wa wanga barabarani, Escorcia alipandishwa kwenye gari la wafanyabiashara lililopambwa maua, na watu wakammwagia wanga kwa furaha. Alishuka laini kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Wakampa nishani.

Baada ya Pasaka Nubia alitaka kumwona Escorcia. Edilsa akampeleka. Duka lilikuwa limepanuliwa. Bwana Escorcia alikaa juu ya stuli ya mbao nyuma ya kaunta, mfuko umemfika shingoni, anawatajia bei wateja.

"Unanijua?" Nubia alimwuliza.

"Wateja ni wengi, mama. Mzigo mpya umeingia. Silikoni ya hospitali."

Nubia akanyoosha dole gumba, akalikandamiza kwenye paji la uso wa Bwana Escorcia mpaka ukucha ukazama. Mzee hakukunja uso. Alipolichomoa, shimo lilibaki.

"Haumii?" Nubia alimwuliza dada yake.

"Plastiki haisikii kitu."

"Mimi nasikia," Nubia akasema.

Bi Nereida akaja na kopo la wanga, akalipaka lile shimo, akawaomba wasogee kidogo kwa kuwa kuna mteja. Alikuwa msichana, pete ya uchumba kidoleni, sanduku ameshalishika. Edilsa akamwinamia akamwambia asikinunue kifaa kile, kitamdhuru, na akaanza kumweleza kwa nini. Msichana akageuka kutazama kama kuna mpita njia aliyesikia. Akalitumbukiza sanduku ndani ya mkoba, akalipa bila kungoja chenji, akatoka ameinamisha kichwa.