Hatua Kumi za Marehemu

Mtu aliyekufa mara arobaini na tatu na bado anagombezwa na mkewe kwa kuacha taulo bichi kitandani, huyo si mtu wa kawaida. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti tu. Mtaani, dukani, hata zahanati alikokwenda kupimwa presha, watu walimwita Marehemu, naye akaitika bila kinyongo. Muuguzi akisema, Marehemu ingia, zamu yako, wagonjwa wageni walishtuka mpaka presha zao nazo zikapanda.

Kazi yake ilikuwa kufa kwenye filamu za kutisha. Alikuwa amenyongwa, amezikwa hai, amefyonzwa damu, amemezwa na kisima, na mara moja aliuawa na kabati. Usicheke, lile kabati lilikuwa na meno. Filamu zenyewe zilitengenezwa harakaharaka, kwa vitu vya kuokoteza, na waandishi wa magazeti waliziponda bila huruma, lakini zilikuwa na wenyewe. Mashabiki wake walijiita Waombolezaji. Walikuja ukumbini wamevaa nyeusi, kila mmoja na leso yake nyeupe, wanajua kila neno kabla halijasemwa. Marehemu akikata roho, walipunga leso na kuangua kilio cha uongo mpaka mbavu ziwaume. Wengine walianza kuja wakiwa wachumba, na sasa walikuja na wajukuu.

Mtu mmoja tu alikanyaga ukumbi ule mara moja na hakurudi tena. Huyo alikuwa mkewe.

Mkewe alikuwa mkunga. Watani wa mtaani walisema nyumba ile ina mlango wa kuingilia duniani na wa kutokea, mke anawaleta, mume anaondoka. Miaka thelathini na sita nyuma, akiwa na mimba ya binti yao wa kwanza, mkunga alikwenda na dada yake kutazama filamu ya kwanza ya mumewe. Mume alikuwa safarini kikazi, na mjinga yule, samahani lakini hakuna neno jingine, hakumwambia mkewe kwamba humo ndani anakufa. Alitaka kumshangaza. Basi mkunga akamwona mtu wake kalala ndani ya jeneza, uso umekauka, tumbo halipandi wala halishuki. Yeye aliyezoea kutazama pumzi za watu kila siku ya kazi hakuona dalili hata moja ya uhai. Taa zikawashwa, watu wakaenda zao, naye akabaki kitini, dada yake anambembeleza. Mume alirudi siku ya tatu, mzima wa afya, na kitambaa kizuri cha zawadi. Alichapwa kwa kitambaa hichohicho, akikimbizwa kuizunguka meza.

Hasira zilipopoa, mkunga alitoa neno ambalo hakuligeuza tena. Siku utakapobaki hai mpaka taa ziwashwe, alisema, nitakuja nikae kando yako. Kabla ya hapo usinialike.

Tangu siku hiyo, kila filamu mpya ilipoonyeshwa, Marehemu alikaa safu ya tatu, na kwenye kiti cha kando aliweka kofia yake. Watu walidhani ni ushirikina wa wasanii. Kumbe maskini alikuwa anamwekea mkewe nafasi.

Filamu zote hizo aliziongoza mwanamke mmoja mfupi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliyeitwa Mama Kata kwa sababu ya neno la kusimamisha kamera alilolipigia kelele kutwa nzima. Mama Kata alikuwa na sharti lake kazini. Mtu akifa mbele ya kamera, hakuna kugusa sahani ya chakula mpaka yeye mwenyewe aulize kwa sauti, nani huyo, na aliyekufa ainuke bila kushikwa mkono na kujibu, mimi mzima. Alisema hataki mtu aende nyumbani na kifo cha kuigiza mgongoni. Mafundi walicheka mwanzoni, baadaye wakazoea, na mwishowe ikawa hata chai haishuki kooni bila jibu hilo.

Sasa magoti ya Mama Kata yakagoma, akatangaza kwamba anatengeneza filamu moja ya mwisho kisha anapumzika. Marehemu alimfuata kwake, akanywa chai vikombe viwili, akapiga porojo za mvua na za jua, ndipo akajikaza na kuomba. Katika hii, aliuliza, haiwezekani nibaki hai? Mama Kata alimkodolea macho. Alimwambia Waombolezaji watawachoma moto wote wawili. Lakini alikuwa ameiona ile kofia kwenye kiti kwa miaka yote, na hakuwa na moyo wa jiwe. Akaandika upya mwisho. Marehemu angekuwa mzee mlinzi wa nyumba yenye mashetani, na kati ya wote walioingia, yeye peke yake angetoka. Angefungua mlango, ubao ungemwangukia begani, angeyumba, kisha angetembea hatua kumi mpaka getini. Basi, mwisho wa filamu.

Hatua kumi tu. Mtoto anazimaliza.

Nyumba waliyoipata ilikuwa gofu ambalo mwenyewe alipanga kulibomoa Ijumaa. Jumatano asubuhi moshi ukawashwa, kamera ikawekwa getini, Mama Kata akasema, anza. Marehemu akatoka mlangoni, ubao ukamgonga, akayumba vizuri kabisa, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne akaenda chini na kufa kifo cha mende, miguu juu. Walidhani kateleza. Wakarudia, akafa tena. Mara ya tano alikufa kwa ustadi mkubwa hivi kwamba mpiga picha alisahau kuzima kamera, akabaki anasikitika kwa dhati. Mpaka saa ya chakula Mama Kata alikuwa ameuliza nani huyo mara nane, na aliyejibu alikuwa akijibu kwa aibu, anajipangusa vumbi, haangalii watu usoni.

Mama Kata alimvuta pembeni. Alimwambia kwa upole kwamba wana kesho tu. Kesho akifa tena, atauacha mwisho uwe huo, wa kufa, na filamu itakuwa nzuri vilevile. Marehemu alitikisa kichwa kukubali, na moyoni akaona ile kofia kwenye kile kiti, sasa kwa milele.

Nyumbani alimkuta mkewe anakunja nguo. Alimweleza yote bila kuficha. Mkunga hakumcheka wala hakumpa pole. Alimhoji kama mgonjwa. Ukianguka unaanza kusikia nini? Macho yanaingia giza, alijibu, halafu magoti yanakuwa uji. Baada ya hatua ngapi? Tatu, wakati mwingine nne. Mkunga akaendelea kukunja nguo, na asubuhi alikuwa mlangoni kavaa viatu kabla ya mumewe.

Alisimama nyuma ya kamera na mkoba wake wa kazi begani. Mafundi walimwamkia, kwa kuwa wawili kati yao aliwapokea yeye walipozaliwa. Marehemu akatoka kwenye moshi, ubao ukamgonga, hatua tatu, akaanguka na kufa. Mkunga alijua ni maigizo, lakini mkono ulimwenda mdomoni wenyewe, na kwa muda akawa tena yule mwanamke mwenye mimba kwenye kiti cha ukumbini.

"Nani huyo?" Mama Kata aliuliza.

Kutoka pale chini, yule maiti akainuka taratibu, goti moja, goti la pili. "Mimi mzima."

Mkunga akamgeukia Mama Kata, akataka kujua kama huwa ni hivi kila mara. Kila mara, alijibiwa. Hata lile jeneza la kwanza? Hata lile, tena siku hiyo aliinuka ana njaa, alikula sahani mbili. Mkunga alijibweteka juu ya sanduku la taa na kufuta macho kwa ncha ya mtandio. Miaka thelathini na sita, na hakuna aliyewahi kumwonyesha kipande hicho cha kuinuka.

Kisha akasimama, akapenga kamasi, na akawa mkunga.

"Baba watoto, wewe hupumui," alisema.

Na kweli. Maiti hatakiwi kupandisha tumbo, kwa hiyo kwa miaka yote hiyo Marehemu alikuwa amejifunza kubana pumzi kila aliposikia neno anza. Sasa kifua kilijifunga chenyewe, bila kumwomba ruhusa, na mtu wa miaka sitini na saba hawezi kutembea hatua kumi ndani ya moshi bila hewa. Kumbe hakuwa anaigiza kufa. Alikuwa anazimia.

Mkunga alisimama getini, kando ya kamera, mahali ambapo mumewe angemwona. Sauti zingetiwa baadaye, kwa hiyo aliruhusiwa kusema. Anza, akasema Mama Kata. Mlango ukafunguka, ubao ukaanguka.

"Usibane," mkunga alisema, kwa sauti ile ya chini ambayo nusu ya wanawake wa mji waliijua. "Vuta. Toa. Vizuri. Tena vuta. Njoo kwangu, usiogope. Bado kidogo."

Hatua ya nne ikapita. Ya tano. Ya saba aliyumba, akavuta hewa mpaka mabega yakapanda, akasonga. Ya kumi alishika geti, na mkunga, kwa mazoea ya kazi, akamwambia alichowaambia wote aliowapokea.

"Karibu duniani."

Mama Kata alisahau kusema kata.

Filamu ilionyeshwa miezi kadhaa baadaye, alasiri ya Jumamosi, ukumbi umejaa nyeusi. Safari hii kofia ilikuwa mapajani pa mwenyewe, na kitini pake alikaa mkunga, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa mumewe, anamhesabia mapigo. Mlango wa gofu ulipofunguka, leso zote zikainuka tayari kwa msiba. Ubao ukaanguka. Hatua ya nne. Ya sita. Ya kumi. Taa zikawashwa, na ukumbi ukatulia kama maji mtungini. Marehemu aliwageukia. Watu hawa walimpenda kwa kufa kwake, na sasa amewanyima.

Safu ya mbele bibi mmoja alishusha leso yake na kufuta machozi, safari hii ya kweli. Kisha wakasimama wote, wanapiga makofi, wanapiga vigelegele, wanakanyaga sakafu, na leso zikarushwa juu mpaka dari.

Mkunga hakusimama. Aliendelea kushika mkono ule.

"Kesho," alimwambia sikioni, "utanitafutia ile ya kwanza. Ile ya jeneza."

Marehemu aliuliza kama ana hakika, maana mle anakufa vibaya sana.

"Ufe tu," alisema mkewe, akaichukua kofia na kuivaa yeye. "Sasa najua unaamka."