Tairi la Mbele Kushoto

Kila mwaka theluji ilipoyeyuka na barabara za mji wa milimani wa Naryn kubaki mashimo matupu, gari la kwanza kuingia kwenye karakana ya Nurmat lilikuwa la Esenkul. Wawili hao walizaliwa mwaka mmoja, wakakaa dawati moja shuleni, na kama walivyo watu wa rika moja, hawakuachiana kwa utani.

"Usije ukanipindia gari zaidi, we kengeza," Esenkul alikuwa akisema, akilileta gari polepole juu ya shimo la fundi.

"Gari lako limenyooka. Dereva ndiye anayevuta kushoto."

Nurmat alipima kama magurudumu yamenyooka, akakaza hapa, akalegeza pale, mpaka usukani ukatulia wenyewe. Esenkul hakuhitaji kuelezwa faida yake. Abiria aliowapeleka mji mkuu, Bishkek, walisinzia njia nzima, mafuta hayakumwishia njiani, na matairi yake yalidumu wakati ya wenzake yalikwisha.

Kisha ikaja harusi ya mwana wa Nurmat. Kwenye nyama ya kondoo kila mfupa una mwenyewe, kwa umri na heshima, lakini mgawaji alichanganya na kumwekea Esenkul mfupa wa vijana. Watu wakacheka. Nurmat, mwenye shughuli, angeweza kulimaliza kwa neno moja. Badala yake naye akacheka.

"Kula tu, ndugu yangu. Bado unakua."

Esenkul aliuweka mfupa chini, akafuta mikono, akamwita mkewe Salkyn, wakaondoka.

Theluji ilipoyeyuka tena, Esenkul hakuja. Nurmat aliliona gari lake likipita barabarani, magurudumu ya mbele yametanuka kama miguu ya bata. Siku moja akakutana na Salkyn sokoni.

"Shemeji, mwambie alete gari. Naona linavyotembea."

"Nimemwambia mpaka mdomo umechoka. Anasema kwako haji, bora afe." Alicheka, akamtilia Nurmat mfukoni vibonge vichache vya maziwa ya mgando yaliyokaushwa, kama alivyomfanyia siku zote.

Nyumba yao ilikuwa mtaa wa tatu tu kutoka kwake. Nurmat hakwenda. Alijiambia kwamba aliyesusa ndiye arudi.

Mwaka wa pili, mwezi wa sita, kwenye mteremko wa mlima wa Dolon, tairi la mbele kushoto likapasuka. Siku hiyo Esenkul hakuwa na abiria. Alikuwa akimpeleka Salkyn kumwona mjukuu aliyezaliwa Bishkek. Salkyn alikufa pale pale. Esenkul alivunjika mguu na mbavu.

Kabla ya mazishi Nurmat alipita mahali lilipovutwa lile gari. Alipitisha kiganja kwenye tairi. Upande wa nje kashata, yale meno ya tairi, zilikuwa nzima, mtu angeliona akasema bado jipya. Upande wa ndani lilikuwa limelika, upara mtupu, nyaya zimetokeza. Zikamkata kidole. Baadaye, alipofika msibani, alianza kulia kwa sauti tangu getini, kama wanaume wa kwao wanavyofanya wakilikaribia hema alimolazwa maiti. Wengine walipofika mlangoni walinyamaza. Yeye hakuweza, mpaka mtu akamshika bega.

Esenkul alitoka hospitali arobaini ikikaribia. Nurmat akaenda. Binti wa marehemu, aliyekuja kutoka Bishkek, alimkaribisha, akawamiminia chai.

"Watu wanasema tulikanyaga jiwe," Esenkul alisema. "Wewe umeliona tairi. Niambie."

Njia nzima Nurmat alikuwa amejiandaa kusema jiwe.

"Lilikuwa limelika upande wa ndani," alisema. "Mpaka kwenye nyaya."

Esenkul alikisukuma kikombe chake pembeni.

"Lilikuwa likivuta. Nikalishikilia, nikazoea, hata nikasahau kwamba nalishikilia. Mama yake huyu binti hakusahau. Asubuhi ile aliniambia tupitie kwako kwanza. Tulipofika karakana nikaongeza mwendo, usinione."

"Nilikuona," Nurmat alisema. "Nikajiinamia kwenye kazi."

Binti alikuwa ameshika birika. Aliliweka chini polepole, akatoka nje, na hakurudi mpaka Nurmat alipoaga.

Arobaini ilipopita binti alirejea Bishkek, akakaa miezi mingi bila kumpigia baba yake simu. Esenkul hakuendesha tena. Nurmat alianza kumfuata kila Ijumaa kwa gari lake mwenyewe, akimpeleka kaburini na kumngoja kwenye ukuta wa makaburi, kwa sababu mguu haukupona vizuri na njia ya pale ina mwinamo. Majirani walisema wazee wamepatana. Wao wenyewe hawakuwahi kulitamka neno hilo, wala utani wao wa zamani haukurudi. Siku moja tu, wakiwa njiani kurudi, Esenkul aliutazama mkono wa Nurmat juu ya usukani.

"Gari lako haliendi upande," alisema.

"Haliendi," Nurmat alijibu, akampeleka mpaka nyumbani.