Kitenge Kilichofuliwa

Mama Sylvester alichomoa sindano kwenye kimto changu, akachokonoa nayo jino la nyuma, akatazama alichokitoa, kisha akairudisha sindano mahali pake. Yote hayo aliyafanya huku akinieleza kwamba mdoli niliyemshonea ana pua ya nguruwe.

Niliichomoa ile sindano nikaitupa kwenye kopo la taka mbele ya macho yake. Hakuelewa. Watu wa namna hiyo hawaelewi, ndiyo maana wanalala vizuri.

Natengeneza midoli ya kitambaa kwa oda hapa Mbugani, kwenye fremu ninayochangia na fundi simu. Nina stashahada ya maendeleo ya jamii na watoto watatu wanaokula. Jamii ilipokataa kuniajiri, nikaanza kuitengenezea midoli. Mteja analeta nguo yenye maana kwake, labda gauni la ubatizo, labda shati la babu, nami naigeuza kuwa mdoli. Kanuni yangu ni moja, na nimeiandika kwa kalamu nene kwenye kadibodi ukutani: KILA NGUO INAFULIWA KWANZA. Niliiandika siku nilipokuta mayai ya mende ndani ya pindo la mteja. Maji ya moto, sabuni ya unga, jua la siku mbili. Sishoni uchafu wa mtu.

Mama Sylvester ana duka la mchele karibu na stendi. Alikuja mara ya kwanza wakati wa mavuno, ameshika mfuko kwa ncha za vidole viwili kama aliyeokota panya. Ndani mlikuwa na kitenge cha wifi yake, aliyefariki mwezi wa kwanza huko Makwale. Marehemu alikuwa akichuuza usipa, dagaa wa ziwani, aliokuwa akiukaanga mwenyewe kwa mawese. Aliacha binti wa miaka minane, Asifiwe, ambaye baba yake alimleta mjini kuishi kwa shangazi. Na Asifiwe, alinieleza Mama Sylvester, hakubali kulala bila kuziba uso wake kwa kile kitenge. Siku nyingine anakificha kwenye begi anakwenda nacho shule.

"Mtoto wa nyumba yangu ananuka soko," alisema. "Mtengenezee mdoli. Nimeshamwambia kitenge kitarudi kilekile, ila kitakuwa na mikono na miguu."

Nilikifungua, na harufu iliponifikia nikarudi nyuma. Usipa, mawese, moshi wa kuni, na jasho la zamani juu ya vyote hivyo. Kwenye pembe moja kulikuwa na fundo, lile ambalo wanawake wa sokoni hufungia chenji, tupu lakini limekauka gumu kama kokwa. Halikufunguka kwa kucha wala kwa ncha ya mkasi. Nililikata, nikalitupa kwenye boksi la matambara ya kufutia cherehani. Kilichobaki nilikiloweka kutwa nzima, nikakifua mara tatu. Mara ya tatu maji yalipotoka meupe, nilijisikia nimeshinda vita. Kwa hilo mimi na Mama Sylvester tulikuwa kitu kimoja.

Kwa mengine yote alinichosha. Mdoli wa kwanza nilimshonea mwili wa kahawia iliyokolea, na gauni la kile kitenge. Alifika na vidole vyenye mafuta ya samaki, mbasa aliyetoka kumla, akalowesha kimoja kwa mate, akamsugua mdoli shavuni aone kama rangi inachuja. Haikuchuja. Basi akasema mdoli ni mweusi mno, nani atataka kucheza na mkaa. Nilimtazama shingoni, pale krimu ilipoishia na rangi yake mwenyewe ikaanzia. Nikabadilisha mwili. Akaanza kunitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne nne, akitafuna kitu muda wote, kwamba nywele ni fupi. Nikatoa nywele za uzi mweusi nikaweka ndefu. Kisha macho. Kisha pua. Kila nilipombadilisha alirudi na alama mpya za vidole, nami nikawa nasafisha shavu la mdoli kama ninayemfuta mtoto makamasi ya mtu mwingine.

Ningemwambia aende zake, lakini mdoli wa namna hiyo hauziki kwa mwingine. Nani atanunua kitenge cha marehemu asiyemjua?

Siku hiyo ya sindano alikuja na Asifiwe mwenyewe. Mtoto alipiga magoti kidogo mlangoni, akanisalimu, akabaki amesimama palepale mpaka alipoitwa.

"Haya, mchukue mama yako," alisema shangazi yake, na akacheka.

Asifiwe alimpokea mdoli kwa mikono miwili. Pua tuliyoigombania mwezi mzima hakuitazama, wala zile nywele. Alimgeuza, akazamisha uso kwenye gauni, akavuta pumzi. Akahamia kwapani. Akahamia kwenye pindo. Alikuwa kama mtu anayepita chumba hadi chumba akimtafuta mtu. Kisha akanirudishia, kwa mikono miwili vilevile.

"Sicho," alisema. "Shangazi, ulisema ni kilekile."

"Si unaona?" Mama Sylvester alinigeukia. "Hata mtoto ameikataa hiyo pua. Nimekwambia tangu juzi."

Mtoto hakumsikiliza. Alikuwa anasoma kadibodi langu ukutani, midomo ikienda neno kwa neno. Alipofika mwisho alinitazama.

"Ulikifua?"

"Nilikifua."

Aliitikia kwa kichwa. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya, mimi ni mama. Aliitikia tu, kama aliyeambiwa basi limeshaondoka.

Miezi yote hiyo nilikuwa nikimwonea kinyaa mwanamke mmoja kwa vidole vyake, na sasa kinyaa kilekile nilivionea vidole vyangu mwenyewe. Mara tatu. Kwa maji ya moto. Na nilikuwa nimejisifu.

Nikakumbuka fundo.

Nililimwaga boksi la matambara sakafuni, nikapiga magoti. Grisi, nyuzi, soksi kuukuu za wanangu. Fundo lilikuwa chini kabisa, upande mmoja umekuwa mweusi kwa mafuta ya cherehani. Nililisogeza puani. Usipa ulikuwepo. Mawese yalikuwepo, na moshi.

Mama Sylvester alielewa kabla sijasimama. "Usithubutu," alisema. "Kinyaa hicho hakiingii nyumbani kwangu. Nitawaambia kina mama wote kanisani kwamba unashona uchafu."

"Waambie. Na wewe waambie ulichokifanya na sindano yangu." Nilimvutia kiti. "Kaa, Mama Sylvester."

Alikaa. Nadhani ni kwa mshangao tu.

Nilifumua mshono wa kifua, nikatoa sufi kidogo, nikalisukuma fundo ndani likiwa na grisi yake na kila kitu chake. Sikulifuta. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii niliweka kitu kichafu ndani ya mdoli wangu, na mikono yangu haikupenda. Asifiwe alisimama ubavuni mwangu akiufuatilia uzi. Sehemu ya juu ya mshono niliiacha wazi kidogo, harufu ipate njia.

Alimpokea tena. Safari hii hakutafuta. Aliweka uso kifuani kwa mdoli akatulia hapo, mpaka fundi simu wa upande wa pili akainua kichwa kutazama kulikoni.

"Kuna harufu nyingine," alisema mwishowe, bila kuinua uso.

"Hiyo ni yangu. Ni mafuta ya cherehani. Itaisha."

"Na ya mama?"

Shangazi yake alikohoa. Ningeweza kudanganya, lakini mtoto huyu alikuwa ameshadanganywa mara moja kuhusu kitenge hiki.

"Nayo itaisha."

"Lini?"

"Sijui. Usimfue tu. Na mtu mwingine asimfue," nilisema, nikimtazama Mama Sylvester, ambaye alikuwa ameziba pua kwa upindo wa kanga yake.

"Ndaga," alishukuru Asifiwe.

Walipanda bajaji. Shangazi alikaa ukingoni kabisa, pua bado ameiziba, na mtoto katikati ya kiti akiwa amemkumbatia mdoli.

Nilinawa mikono mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Usipa haukutoka. Nikala hivyohivyo.