Sahani ya Wanawake wa Kirolirwe

Tangu Wabelgiji waondoke, sindano za gramafoni hazikufika tena Mweso, kwa hiyo Polycarpe, fundi cherehani, alikata miiba ya mlimau, akainoa kwa kisu na kuianika juu ya meko. Mwiba mmoja ulitosha wimbo mmoja. Kila Jumapili baada ya misa wapenzi wa muziki walikaa barazani kwake na mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, kila mtu na sahani yake ya santuri kwapani. Sheria yao ilikuwa moja tu: usilete kitu ambacho wenzako wamekwisha kukichoka. Benoît, dereva wa kamyo la kwenda Mubi, alileta rumba za Leopoldville, za enzi ambayo wapiga gitaa bado walivaa kaptura. Callixte, karani wa ofisi ya barabara, alipenda vioja. Alikuwa na tangazo la sabuni lenye mbwa anayebweka katikati ya kinanda, na sahani ya mapadri ambayo ukiipiga chai inapoa hata ikiwa bado iko motoni.

Nzabandora hakuwa na sahani. Alikuwa mgane, na alikuja kusikiliza na kuwasema wakubwa vibaya. Wenzake walimvumilia kwa kuwa alikuwa na sikio: akisikia mtu anavuta pumzi tu, kabla hajaimba, alimtaja jina.

Jumapili moja ya mvua Benoît alitoa sahani isiyo na karatasi katikati. Aliikuta Kirolirwe, katika nyumba ya mlowezi aliyekimbia, wachunga ng'ombe wakiitumia kuanikia pilipili. Polycarpe akaipangusa kwa pindo la shati, akaweka mwiba mpya.

Walikuwa wanawake wakilima. Mmoja aliuliza, "Shamba hili litaisha lini?" na wengine wakaitika, "Jua likizama, twende zetu." Kati ya mstari na mstari majembe yalisikika yakiingia udongoni. Mwishoni kabisa, ng'ombe akalia.

"Ng'ombe!" Callixte alijipiga paja. "Rudisha, Polycarpe, rudisha tusikie ng'ombe!"

"Ule mwenye kuongoza njo Libérata," Nzabandora akasema.

Wote walimjua Libérata, mke wake. Alilima maua ya pareto ya yule mlowezi miaka mingi, na siku moja mzungu alikuja na mashine ya kunasia sauti ndani ya gari, akawaimbisha, akawapa chumvi, akaenda zake. Aliyemuua si mlowezi. Mlowezi alimchosha tu. Libérata alikufa mwaka wa pili wa uhuru, wakubwa wapya waliposema barabara ni mali ya kila mwananchi, wakawatoa wanawake majumbani kwenda kubeba mawe. Alikuwa na homa. Kapita, msimamizi wa kazi, alimwambia homa haina karatasi. Alianguka na kikapu mgongoni, akafa kabla ya kufikishwa hospitali, na mawe yake yakamwagwa barabarani pamoja na ya wengine.

"Wazungu walienda, bakaacha kofia," Nzabandora alizoea kusema. "Na kofia haikukosa kichwa hata siku moja."

Waliporudia sahani, Polycarpe alikwenda kukojoa nyuma ya nyumba, akakuta shamba lake la maharagwe limelimwa, mistari imenyooka. Aliporudi alijimiminia kasiksi.

"Inalima," akasema.

"Uko na bahati," Benoît akajibu. "Mimi niko na moja ya Mubi inaleta mvua tu, na mvua tuko nayo."

Nzabandora alikwenda kutazama. Palipolimwa, kila mche wa lengalenga ulikuwa umeachwa umesimama, umepaliliwa pembeni kwa uangalifu. Ndivyo Libérata alivyolima siku zote, apate mboga ya jioni. Akachuma fungu, akalipika kwake, akala na bugari wa muhogo peke yake. Lilikuwa na ladha ileile. Wiki ile hakumtukana mtu.

Halafu kila mmoja akaiazima. Sahani ikazunguka vilima, kutoka mihogo ya huyu kwenda viazi vya yule, na magitaa ya Leopoldville yakashika vumbi. Wenzake walisikia wimbo uleule. Nzabandora alisikia kwamba Libérata sasa anavuta pumzi katikati ya mstari, mahali ambapo zamani hakuhitaji. Siku moja alishika jembe la Polycarpe lililokuwa limeegemea ukuta tangu asubuhi. Mpini ulikuwa umelowa jasho, na juu kidogo palikuwa na ngozi ya kiganja cha mtu.

"Banachoka," akawaambia. "Tubaache bapumuzike."

"Papa Nzabandora, uko na wivu ya sahani?" Polycarpe alicheka. "Mufu atachoka namna gani? Hakule, hazae, haombe ruhusa."

"Tena wimbo yenyewe inabapa ruhusa," Benoît akaongeza. "Ikifika kwa 'jua likizama', banaenda. Unataka nini zaidi?"

Hilo lilikuwa kweli. Kiitikio cha mwisho kikiimbwa, majembe yalisimama papo hapo. Hata mlowezi, pamoja na ukali wake wote, aliiheshimu desturi ile: wanawake wakishajibiwa na jua, hakuna aliyeinama tena.

Basi Callixte akaipeleka sahani ofisini kwa mkubwa wake, mkubwa mpya wa barabara, mtu wa shingo nene aliyepangusa viatu vyake kwa leso ya kufutia jasho. Waziri fulani alikuwa anakuja na hakutaka kutikiswa na mashimo ya barabara. Gramafoni ikawekwa nyuma ya kamyoneti, tarumbeta yake ikaelekezwa kwenye mwamba. Wanawake wakaimba. Mwamba ukapasuka, kokoto zikajitandaza barabarani. Mkubwa aliuliza swali moja tu: kama wanakula. Callixte akasema hawali. Tangu siku ile sahani ilipigwa kuanzia alfajiri, ikiisha inarudishwa, na unga wa wafanyakazi wa barabara ukashukia nyumbani kwa mkubwa.

Nzabandora alivaa koti lake la kanisani, akaenda kumwona.

"Bwana mukubwa, mwenye kuongoza wimbo njo bibi yangu. Alikufia kwa barabara hii hii. Minaomba umuache apumuzike."

"Uko na karatasi ya ndoa?"

"Tulioana kwa kanisa."

"Kanisa iko yake, serikali iko yake. Alikufa akifanya nini?"

"Akibeba majiwe yenu."

"Basi alikufa akiwa kwa kazi. Na hakuna mutu alimutoa kwa kazi." Mkubwa alimgeukia Callixte. "Iko barua ya kumutoa?"

"Hapana, bwana mukubwa."

"Uniweke mimi pa nafasi yake," Nzabandora akasema.

Mkubwa alimpima kwa macho kama mtu anayenunua mbuzi. "Unajua kuimba?"

"Hapana."

"Sasa utapasua mwamba na nini?"

Nzabandora alitoka, akapanda nyuma ya kamyoneti, akaing'oa sahani kwenye gramafoni, akaipiga kwenye chuma cha bodi. Sahani za zamani zile huvunjika kama chungu, lakini polisi aliudaka mkono wake kabla hajapiga tena. Alichapwa fimbo barazani pa ofisi, mbele ya watu waliokuja kwa mambo yao, na hao wakasogea kidogo ili waendelee kupanga mstari. Sahani ilikuwa imepata ufa tu. Callixte akaupaka gundi.

Walipoipiga tena, Libérata aliuliza, "Shamba hili litaisha lini?" Mwiba ukafika kwenye ufa, ukaruka nyuma. "Shamba hili litaisha lini?" Ukaruka tena. Kiitikio hakikufikiwa. Wanawake wengine hawakuitwa, kwa hiyo hawakuja. Ikasikika nyundo moja tu juu ya mwamba. Saa sita nyundo haikusimama, na jua lilipozama haikusimama, kwa sababu hakuna aliyeimba kwamba limezama.

Mkubwa aliridhika. Ilikuwa polepole, akasema, lakini haikuwa na mwisho, na kitu kisicho na mwisho ndicho serikali inachokihitaji.

"Huyu alitaka kusaidia bibi yake," akasema. "Asaidie."

Nzabandora akawekwa nyuma ya kamyoneti kuzungusha mkono wa gramafoni. Kapita alimweleza mambo yalivyo: mashine ikinyamaza, watashuka vijijini kuchukua wanawake walio hai, na wa kwanza ni Élisabeth, binti wa Polycarpe, mwenye mimba ya miezi mikubwa. Kamba ilikuwa tayari begani mwa kapita. Nzabandora alizungusha.

Baada ya siku chache alijifunza kitu. Springi ikianza kulegea, sauti ya Libérata inashuka, maneno yanarefuka, na nyundo inatua taratibu. Kati ya pigo na pigo anasikika akipumua. Basi akawa anachelewesha mkono, kila mara kidogo, mpaka kapita ashituke.

Jumapili wapenzi wa muziki walihamia kando ya barabara. Walitandika mkeka, wakaweka mtungi wa kasiksi kivulini. Callixte aliwaeleza wageni kutoka Mubi kwamba sahani inayouliza bila kujibiwa hata Leopoldville haiko. Benoît alikuwa tayari kutoa rumba zake zote ili arudishiwe. Polycarpe alifumba macho, akitikisa kichwa kwa utamu. Élisabeth, tumbo mbele, aliwaletea viazi vya kuchoma.

Sauti ikaanza kulegea. Nyundo ikatua juu ya mwamba, ikakaa hapo. Nzabandora aliuacha mkono, akawa anasikiliza pumzi.

"Papa Nzabandora," Polycarpe akasema kwa upole, bila kufumbua macho, "zungusha basi. Wimbo inaharibika."

Kapita aligeuza kichwa. Nzabandora akatema mate, akazungusha.